Joto la Kutibu Mgongo: Kipi Kinastahili Pesa Yako Nyaramba

Bonasi ya chai ikiingia mwezi wa Oktoba, nyumba nyingi za Nyamira huwa tayari zimeigawa kichwani: karo, mabati, deni la dukani, na mgongo wa mama. Mchumaji chai huinama tangu umande haujakauka, kisha hubeba majani mabichi mgongoni hadi kituo cha kununulia, na baridi ya miinuko hii haimhurumii mwenye maungo yaliyochoka. Ndipo ushauri unapomiminika. Mwana aliye Nairobi ameona mashine ya joto mtandaoni. Muuza vifaa vya stima sokoni Nyaramba ana ya kwake rafuni. Mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini ametaja kitu tofauti kabisa. Makala haya ni ya yule anayeshika pesa, ayasome kabla hajazitoa.

Niseme mapema ninachoamini. Joto ni msaidizi. Hulegeza misuli iliyokaza, hupanua mishipa ya damu na hutuliza maumivu kwa muda, na katika muda huo mgonjwa anaweza kunyoosha kiungo na kufanya mazoezi ambayo asingeyaweza akiwa amekakamaa. Mwaka 2006, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane yaligundua kwamba joto la kufunga kiunoni hupunguza kidogo maumivu mapya ya mgongo, na kwa muda mfupi. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kiliweka joto la juu ya ngozi miongoni mwa tiba za kuanza nazo kabla ya vidonge kwa maumivu ya mgongo ya siku chache. Kwa maumivu sugu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 ulitilia mkazo mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na ukashauri mashine ya kutibu kwa ultrasaundi isitumiwe kama huduma ya kawaida. Kwa hiyo anayekuuzia joto kama dawa ya kumaliza ugonjwa wa mgongo anakuuzia kisichokuwepo.

Tukishakubaliana hapo, swali la bei linakuwa jepesi. Vifaa vyote hivi, kuanzia chupa ya mpira hadi mashine ya laki kadhaa, vinatafuta jambo moja: kupandisha joto la nyama ya mwili hadi kati ya nyuzi 40 na 45 na kulishikilia hapo kwa dakika 15 hadi 20. Vinatofautiana kwa namna unavyoweza kulidhibiti joto hilo, kwa muda ambao kifaa hudumu, kwa kina ambacho joto hufika, na kwa hatari ya kuungua. Hayo ndiyo unayoyanunua.

Watu huuliza kwanza kuhusu stima, nami nadhani hofu hiyo haina uzito. Chukua uniti moja kwa shilingi 30, ili hesabu iwe rahisi. Taa ya infraredi ya wati 250 ikiwaka dakika 20 hula chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti, yaani shilingi mbili na nusu hivi. Pedi ya joto ya wati 100 kwa nusu saa hula shilingi moja na nusu. Kuchemsha maji ya kujaza theluthi mbili za chupa ya lita 2 ni kama shilingi nne kwa birika la stima, na ni bure ukitumia maji yaliyobaki jikoni baada ya chai ya asubuhi. Hakuna tofauti hapo ya kumnyima mtu usingizi. Pesa zinapotea kwingine: kwenye kifaa kinachokufa baada ya miezi mitatu, kwenye nauli, na kwenye matibabu ya jeraha la moto.

Chupa ya mpira ya maji moto ndiyo ninayoiweka mbele kwa nyumba ya kawaida. Bei yake ni mamia ya shilingi, au elfu moja na ushei kwa iliyo bora yenye kava ya kitambaa. Haihitaji tokeni, haijali stima ikipotea jioni nzima, na mtu yeyote nyumbani anaweza kujifunza kuitumia. Lakini wengi huinunua kama wanavyonunua ndoo, bila kuitazama. Itazame shingoni au ubavuni. Chupa zilizotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Uingereza, BS 1970, huwa na namba hiyo iliyopigwa juu ya mpira, na karibu yake kuna alama yenye umbo la ua. Namba iliyo katikati ya ua ni mwaka wa kutengenezwa; petali 12 ni miezi, na vitone vilivyo ndani yake huonyesha wiki. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, hasa ukining'inizwa juani mbele ya duka. Chupa ambayo ua lake linaonyesha miaka miwili iliyopita imekwisha kula umri wake kabla hujailipia, na mwenye duka akikupunguzia nusu ya bei, bado usiichukue.

Matumizi yake yana adabu zake. Maji yakichemka, yaache yapoe dakika kadhaa kwanza. Kwenye miinuko ya Nyamira maji huchemka yakiwa takriban nyuzi 94, chini ya zile 100 za Mombasa, na wapo wanaodhani hiyo ni nafuu. Si nafuu. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Moritz na Henriques, walipima muda ambao ngozi huchukua kuungua. Kwa nyuzi 60 ni sekunde 5 hivi. Kwa nyuzi 49 ni dakika zisizofika 10. Na kwa nyuzi 44, joto ambalo mkono unaliona la kustarehesha, ngozi huharibika likikaa juu yake saa 6. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayomhusu mama anayelala na chupa kiunoni hadi alfajiri. Dakika 20 zinatosha. Kisha toa chupa kitandani.

Jaza theluthi mbili tu. Ilaze au iegemeze ili hewa itoke kabla ya kufunga kizibo, maana hewa iliyobanwa ndani huvimba kwa joto na kusukuma mshono. Ivishe chupa kava, au ifunge kwa taulo. Usiikalie wala kuilalia, kwani uzito wa mwili hupasua mshono na pia hubana damu ambayo ingebeba joto mbali na ngozi. Baada ya kazi mwaga maji yote, ining'inize kichwa chini mpaka ikauke, na uihifadhi mbali na jua na jiko. Mafuta ya kupikia na mafuta ya kujipaka hulainisha mpira na kuudhoofisha. Ukiona nyufa ndogo shingoni, au mpira umekauka na kupauka, au kizibo kinatoa tone moja, itupe. Miaka miwili ya matumizi ndiyo ukomo wake. Gawa shilingi elfu moja kwa miezi 24 na utaona unalipa kama shilingi 42 kwa mwezi. Sijaona kifaa cha stima kinachoikaribia.

Sasa ule mfuko wa maji wa kuchomeka kwenye soketi, wenye manyoya ya rangi za kupendeza, unaojaa tele siku hizi madukani na mitandaoni. Bei yake inafanana na ya chupa nzuri ya mpira, ndiyo maana unavutia: huchemshi kitu, unachomeka dakika kumi na kitu, unachomoa. Tatizo liko ndani. Katika aina iliyo rahisi zaidi kutengenezwa, elektrodi mbili zimetumbukizwa katika maji yenyewe na stima hupita ndani ya maji ili kuyapasha. Mfuko ukivuja wakati umechomekwa, maji yaliyo mkononi mwako yana stima. Kidhibiti kinachopaswa kukata moto kikikwama, mvuke hujaa na mfuko hupasuka. Na huwezi kuona ndani wala kubadilisha maji, kwa hiyo hakuna utunzaji wowote unaoweza kuufanya zaidi ya kutumaini. Ikiwa tayari unao, uchomeke ukiwa mezani peke yake, usiushike wala kuukumbatia ukiwa kwenye stima, na uutupe siku utakapouona umevimba au umelowa. Ambaye hajanunua, asinunue.

Pedi ya joto ya stima ni chaguo la heshima kidogo. Nzuri ina swichi ya ngazi tatu, hujizima yenyewe baada ya muda fulani, na kava yake hufulika. Bei ni maelfu kadhaa. Inafaa mgongo mpana na bega ambalo chupa hulitelezea. Waya ndani yake ni mwembamba, kwa hiyo usiikunje na kuibana chini ya godoro. Ikunjue, au izungushe kwa ulegevu. Usitumie pini kuishikilia. Ikitoa harufu ya kuungua au sehemu moja ikiwa moto kuliko nyingine, maisha yake yamekwisha, hata kama bado inawaka.

Hapa kuna onyo kwa familia zenye jamaa Marekani, na Gusii ina wengi, Minnesota hasa. Mzigo wa vifaa vya afya ukitumwa nyumbani, soma kibandiko nyuma ya kila kifaa kabla ya kukichomeka. Stima ya Marekani ni volti 120. Ya Kenya ni 240. Adapta ndogo ya kubadilisha umbo la plagi haibadilishi volti. Pedi ya volti 120 ikipata volti 240 huvuta nguvu mara nne ya ile iliyotengenezewa: pedi ya wati 50 hugeuka ya wati 200 katika kitambaa kilekile, juu ya mgongo wa mzee. Zawadi iliyotoka mbali kwa upendo inaweza kuwasha nyumba. Kibandiko kikisema 100–240V, hakuna shida. Kikisema 120V peke yake, kinahitaji transfoma, na transfoma nzuri inaweza kukugharimu kuliko pedi mpya yenye plagi ya pini tatu kutoka Kisii mjini.

Kwa asiye na pesa kabisa, mfuko wa kitambaa cha pamba uliojazwa mchele au mahindi makavu bado ni tiba. Nafaka hushika joto kidogo kuliko maji yenye uzito uleule, kwa hiyo mfuko hupoa upesi, na kwa mzee hilo ni ulinzi. Hukaa vizuri shingoni na haumwagiki. Ukiupashia kikaangoni, geuzageuza na uujaribu kwa sehemu ya ndani ya mkono wako kabla ya kumwekea mgonjwa, maana katikati huweza kuwa moto kuliko pembeni. Nafaka zikianza kunuka moshi au uvundo, badilisha. Chumvi iliyokaangwa hufanya kazi hiyohiyo, ila ni moto mkali zaidi na inahitaji kitambaa kinene.

Taa ya infraredi ndiyo inayozua maswali mengi Nyaramba, na sababu ni kuku. Balbu nyekundu ya wati 250 inayopasha vifaranga huuzwa kwenye maduka ya agroveti kwa sehemu ndogo tu ya bei ya taa ya tiba, na wafugaji wengi wamekwisha kugundua kwamba bega linaloumwa hupata nafuu likikaa karibu nayo. Je, ni kitu kimoja? Mionzi ni ya namna moja. Balbu za tiba zenye mwanga mwekundu na balbu za vifaranga hutoa joto linalopenya milimita chache chini ya ngozi. Tofauti yote iko kwenye kinachoizunguka balbu. Taa ya tiba ina stendi nzito isiyoanguka, kikapu cha waya kinachozuia ngozi na nguo kugusa kioo, kishikio cha kauri kisichoyeyuka, na saa ya kuizima. Balbu ya kuku iliyotundikwa kwa kishikio cha plastiki juu ya kitanda haina hata kimoja cha hivyo. Kioo chake kikirushiwa tone la maji hupasuka na vipande humwangukia aliye chini.

Kwa hiyo ukiamua kwenda njia hiyo ya bei nafuu, tumia kishikio cha kauri chenye kikapu cha waya, kiweke kwenye stendi pembeni ya mgonjwa, kamwe kisiwe juu yake, umbali wa sentimita 50 hadi 75, na uso uelekezwe kando au macho yafunikwe. Mtu mwingine akae naye, kwa sababu joto la taa humlaza mgonjwa usingizi. Ukishayanunua hayo yote, utakuta pengo kati ya bei yako na ya taa ndogo ya mezani iliyotengenezwa kwa tiba limepungua sana. Mimi ningelipa hilo pengo. Utunzaji wa taa ni mdogo: chomoa, iache ipoe, pangusa vumbi kwenye kioo na kwenye kiakisi kwa kitambaa kikavu, kagua waya na plagi. Kiakisi chenye vumbi hupoteza joto, na mtu hujisogeza karibu zaidi kulifidia. Ndiyo njia mojawapo ya kuungua.

Tusisahau moto wenyewe. Wazee wengi hujipasha migongo na miguu kwa kuketi karibu na jiko kila jioni. Ngozi ikizoea joto hilo kwa miezi, hutoa michoro ya rangi ya kahawia kama wavu, na mara chache sana, baada ya miaka mingi, sehemu hiyo huweza kuota saratani. Ukiiona michoro hiyo mguuni au mgongoni kwa mzee wako, msogeze mbali na moto, na uhesabu chupa na pedi pia, kwani nazo huileta.

Tuje kwenye hospitali. Huenda ukatumwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au kliniki ya binafsi mjini. Gharama kubwa ya safari hiyo kwa mtu wa Nyaramba mara nyingi ni barabara. Tuseme kikao ni shilingi 500 na nauli kwenda na kurudi ni 400, na umeandikiwa vikao 12. Hiyo ni shilingi 10,800, ambapo 4,800 zimebaki kwenye matatu na bodaboda, bila kuhesabu siku 12 za majani yasiyochumwa. Ikiwa vikao hivyo vyote ni kulala chini ya taa dakika 20 na kurudi nyumbani, umenunua kwa bei ya juu kitu ambacho ungekipata jikoni kwako.

Lakini sikia vizuri ninachosema: sikuambii usiende. Nenda, hasa mara ya kwanza. Pesa ya kikao ina thamani kubwa inapolipia uchunguzi wa mikono na macho ya mtaalamu, utambuzi wa chanzo cha maumivu, na mazoezi unayofundishwa na kurekebishwa. Mwambie wazi kwamba unatoka mbali. Muulize: hili joto ninaweza kujipa nyumbani? Mazoezi yangu ni yapi, mara ngapi kwa siku? Nirudi lini unikague? Mtaalamu mzuri atafurahia maswali hayo na huenda akageuza vikao 12 kuwa vinne au vitano, huku joto likihamia nyumbani. Uliza pia leseni yake. Tangu Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, kazi hii nchini Kenya inasimamiwa na baraza maalumu, na anayeifanya lazima awe amesajiliwa. Na kabla ya kulipa mfukoni, uliza kama kituo hicho kinapokea Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama huduma unayopewa imo.

Ukifika kliniki, kagua vifaa kwa macho yako. Una haki hiyo. Kifaa kinachotumika sana ni pakiti za turubai zilizojaa udongo wa bentonaiti unaonyonya maji, zinazohifadhiwa ndani ya tangi la maji lenye thermostati, takriban nyuzi 70 hadi 75. Joto hilo ni kali, kwa hiyo pakiti hufungwa kwa tabaka sita hadi nane za taulo kabla ya kuwekwa mwilini. Hesabu tabaka. Pakiti iwekwe juu yako, wewe usilazwe juu yake, na mhudumu arudi baada ya dakika tano kutazama ngozi. Asiporudi, ita. Pakiti inayonuka, yenye ukungu au inayotoa matope kupitia mshono haifai mwili wa mtu.

Kwa mwenye kliniki ndogo anayefikiria kununua tangi hilo, hesabu yake ni ya idadi ya wagonjwa. Kupasha lita 30 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 74 kunahitaji karibu uniti mbili, shilingi 60 kwa bei yetu ya mfano, kabla ya stima ya kulishikilia joto hilo mchana kutwa. Ukiwa na wagonjwa 12 kwa siku, ni shilingi 5 kwa kila mmoja. Ukiwa na wawili, ni 30. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba stima ikikatika, maji yaliyokwisha kupata moto huendelea kuhudumia kwa muda, wakati taa huzimika papo hapo. Lakini tangi linadai kazi. Maji lazima yafunike pakiti na kipasha moto wakati wote, vinginevyo kipasha huungua na pakiti hukauka na kukakamaa. Lifunguliwe, limwagwe na kusuguliwa walau kila mwezi, mapema zaidi likiwa na kazi nyingi. Kipimajoto kitumbukizwe kila asubuhi na namba iandikwe daftarini, kwa kuwa thermostati huharibika kimyakimya, na mgonjwa ndiye huitambua kwanza. Baada ya pakiti kutumika, ipewe nusu saa majini kabla ya mgonjwa mwingine.

Ipo njia ya katikati ambayo kliniki nyingi ndogo zingefanya vyema kuifikiria: kununua pakiti peke yake, bila tangi, na kuzipashia katika sufuria kubwa yenye maji, kitambaa kikitandikwa chini ili turubai isiguse chuma, na kipimajoto kikining'inia ndani. Inachosha kidogo. Inaokoa makumi ya maelfu.

Nta ya parafini ni nzuri kwa mikono, na sehemu hii yenye wachumaji chai, na wachongaji wa mawe kule Tabaka, ina mikono mingi iliyochoka. Nta ya tiba huchanganywa na mafuta ya madini, sehemu sita au saba za nta kwa moja ya mafuta, ili iyeyuke kwa joto la chini, na hutumika ikiwa nyuzi 52 hadi 54. Mkono ulionawishwa na kuvuliwa pete huchovywa mara kadhaa, hufungwa kwa plastiki na taulo, na huachwa dakika 15 hadi 20. Usidanganyike na mishumaa ya dukani: nta ya mishumaa mingi huyeyuka kwa joto la juu zaidi, na mkono unaochovywa humo huungua. Wala usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya jiko, kwa sababu hushika moto. Na maji yakiingia katika nta iliyochemka hurusha matone pande zote. Katika kliniki, nta inapaswa kuchujwa, mashapo yaliyozama yatolewe, na kidonda chochote mkononi kiwe sababu ya kukataa huduma. Nta iliyovuliwa mkononi mwako isirudishwe tangini kwa mwingine.

Juu ya hayo yote kuna diathermia ya mawimbi mafupi, inayofanya kazi kwa masafa ya megahezi 27.12 na kupeleka joto ndani kabisa ya nyonga au goti, mahali ambapo taa haifiki. Bei yake ni laki kadhaa. Haiwezi kumkaribia mwenye kifaa cha kuendesha moyo, mwenye chuma mwilini sehemu inayotibiwa, wala mjamzito. Inahitaji kitanda kisicho cha chuma, nyaya zisizogusana, na fundi wa vifaa tiba wa kuikagua. Ushauri wangu kwa kliniki ya soko dogo ni kutoinunua, na hasa kutonunua iliyotumika ambayo hakuna fundi wa karibu anayeijua. Pesa hizo zikiajiri mtaalamu wa pili, wagonjwa watapona wengi zaidi.

Na nani asitumie joto kabisa? Jeraha jipya, mguu ulioteguka jana na kuvimba, usiupashe moto siku mbili za kwanza. Usipashe kidonda, uvimbe wenye usaha, mguu unaoshukiwa kuwa na damu iliyoganda, wala mahali penye saratani. Tumbo na kiuno cha mjamzito visipashwe bila ushauri wa kliniki. Usiweke joto juu ya dawa ya kuchua yenye ukali, kwa kuwa viwili hivyo pamoja huchoma ngozi. Juu ya wote, mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi hawezi kukwambia anaungua. Mtaalamu hupima hisia kwa mirija miwili, mmoja una maji ya moto kiasi, mwingine ya baridi, mgonjwa akiwa amefumba macho. Nyumbani fanya hivyohivyo kwa vijiko viwili vilivyochovywa majini, maji ya moto yakiwa ya kuogea tu. Akishindwa kutofautisha, weka chupa kabatini.

Mgongo unaoambatana na miguu kuishiwa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au mkojo kushindwa kuzuilika ni wa hospitali siku hiyohiyo. Na ngozi ikiungua, iweke chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ondoa pete na nguo zisizogandamana na jeraha, lifunike kwa kitambaa safi, na usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Mwenye kisukari apelekwe kituo cha afya hata lengelenge likiwa dogo.